Kibao cha Neno Moja

Watu wa baiskeli za milimani siwapendi, na sijawahi kuwaficha. Mtu anaamka Jumamosi, anaifunga baiskeli juu ya gari, anaendesha gari saa mbili mpaka msituni kwetu, anaiteremsha baiskeli, anaisukuma kilimani huku anahema, kisha anashuka nayo upande wa pili akipiga kelele. Akimaliza anairudisha juu ya gari. Ukimuuliza alikuwa anakwenda wapi, anakujibu kwamba alikuwa anapumzisha akili. Akili ipi, sijawahi kuuliza.

Hawa ndio nimewachongea njia kwa miaka tisa. Vilima vyetu vimefunikwa na msitu, na chini ya vilima kuna maziwa matatu, mawili madogo na moja kubwa. Kila njia inayozunguka huko nimeikata mimi, kwa sururu, jembe, msumeno na toroli ambalo gurudumu lake linalia tangu siku liliponunuliwa. Kuchonga njia ya baiskeli si kufyeka tu. Njia lazima ilale kidogo upande wa bonde ili maji ya mvua yaivuke na kwenda zake, maana yakipata nafasi ya kukimbia juu yake, baada ya msimu mmoja huna njia tena, una mfereji. Mzizi unaokatiza njia unauacha. Mzizi unaolala na njia unaung'oa, kwa sababu tairi likiukanyaga ukiwa umelowa, mtu yuko chini. Hakuna mpanda baiskeli hata mmoja anayeyajua haya. Wao wanasema njia leo ilikuwa na hasira, wanapigana picha, wanaondoka.

Basi, mke wangu ana kaka. Shemeji yangu huyu alikuwa karani ofisini maisha yake yote, na kila kitu kwake kina faili. Mimi ndiye niliyempa jina la Mkurugenzi, kwa kumsimanga, na watu wakalichukua wakalitumia kwa heshima, jambo ambalo liliniuma. Hakuwahi kumuongoza mtu yeyote. Hata baiskeli alikuwa anaipanda kwa kuegemea ukuta kwanza.

Kamati ya wanachama ilipotafuta msimamizi mkuu wa njia, nilijua ni mimi. Nani mwingine? Wakamchukua yeye, kwa sababu aliandika barua nzuri. Wakasema ni kwa majaribio, na kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa tatu watakaa kikao kuthibitisha kama aendelee au la. Mimi nikabaki fundi. Siku ya kwanza alihamishia zana zangu barazani, ghala langu akaligeuza ofisi, akabandika ramani ukutani na kuichoma pini za rangi. Mimi akaniachia karakana ndogo iliyopakana na ofisi yake, yenye meza moja, stuli moja na harufu ya rangi.

Aliporudi kutoka kwenye semina ya siku mbili alikuja na maneno ya watu, ameyakariri. Kwamba mwendesha baiskeli hana muda wa kusoma. Kwamba kibao kizuri ni kibao cha neno moja. Vibao vya zamani vyote nilikuwa nimeviandika mimi. Kile cha darajani kilisema: Mbele kuna daraja la mbao, tafadhali shuka kwenye baiskeli uvuke kwa miguu. Mkurugenzi alikisoma kwa sauti mbele ya wanachama wanne, akacheka, akasema, "Hii ni barua, shemeji. Imekosa stempu tu."

Wanachama walicheka. Na mimi nilicheka, kwa meno. Tangu hapo nilianza kumngojea.

Akaniletea orodha ya vibao vipya, imechapwa kwa mashine, kila neno na mahali pake. PUNGUZA. PINDA. ANGALIA. Pale kwenye kona iliyozibwa na miti ambapo watu wanatakiwa wapige kengele, alihangaika siku nzima, maana ni maneno mawili, mwisho akaandika KENGELE, kana kwamba anauza. Neno PANDA lilikuwa mahali pengi. Baada ya daraja lilikuwa na maana ya kurudi kwenye baiskeli. Chini ya kilima lilikuwa na maana ya kukwea. Mkurugenzi hakuona shida. Wiki hiyo hiyo bwana misitu alipita kwenye uwazi ulio nyuma ya daraja, akakiona kibao kinasema PANDA, na Jumatatu akatuletea trei mbili za miche ya miti. Mtu mwingine yeyote angestuka hapo. Mkurugenzi alimshukuru kwa ushirikiano, akaniagiza niipande.

Neno SHUKA nalo lilikuwa mahali pengi. Darajani lilimaanisha ushuke kwenye baiskeli. Juu ya mteremko mrefu wa njia mpya inayoelekea ziwa kubwa, iliyokuwa bado imefungwa kwa kamba, liliwekewa mshale, likimaanisha shuka na baiskeli yako, njia ni hii. Na hatua mia mbili chini ya hapo, mwisho wa mteremko huo huo, kwenye Jiwe, orodha ilisema niweke kibao kingine: SHUKA.

Jiwe lenyewe nalijua kuliko ninavyoijua sebule yangu. Ni mwamba bapa, upana wake kama sakafu ya chumba, umeinamia ziwani. Juu yake kuna chemchemi ndogo isiyokauka, kwa hiyo mwamba umelowa mwaka mzima na una utelezi wa kijani usioonekana mpaka uukanyage. Ukivuka unakuta ngazi ishirini na mbili nilizozichonga kwenda ufukweni. Pembeni hakuna kitu. Ni kimo cha watu wawili mpaka kwenye mawe na maji machache. Hapo mtu anashuka kwenye baiskeli, anaishika usukani, anatembea taratibu. Hakuna namna nyingine.

Nilikuwa karakanani, nimefika kwenye herufi A ya mwisho, ndipo nilipoliona. Mtu ametoka kusoma SHUKA hapo juu, ameshuka na baiskeli yake kama alivyoambiwa. Sasa anakuja kasi, anasoma tena SHUKA. Atafanya nini? Nilikaa kwenye stuli na brashi mkononi, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi wa geti akachungulia dirishani. Nikamwambia nimekumbuka jambo.

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa ng'ambo ya ukuta. Nilikuwa nasikia anapiga chafya. Ningegonga ukuta tu. Lakini kikao cha kamati kilikuwa Jumamosi, na kabla ya kikao kamati ingetembezwa kwenye njia mpya yote, kwa miguu, mpaka Jiweni. Nikaona kila kitu kimekaa sawa. Tutasimama hapo, wanachama wote na mwenyekiti, na mimi nitauliza kwa unyenyekevu kabisa: samahani, shemeji, hapa tushuke nini? Nitamwacha ajibu. Sikutaka kitu kingine duniani isipokuwa uso wake wakati huo.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Alicheka sana, hasa nilipomwigiza kaka yake akisoma orodha. Kisha akaacha kucheka akaniuliza kama nimeshamwambia. Nikasema kesho. Akasema nimwambie asubuhi kabla ya chai. Nikasema sawa.

Jumatano niliichimbia nguzo Jiweni, nikaishindilia kwa kokoto, nikakipigilia kibao. Kilikuwa kimenyooka. Kazi yangu haina kasoro.

Sasa nimtaje Bi Kengele. Huyu alikuwa mwanachama mwenye umri mkubwa kuliko wote, amepita sitini na tano, na ndiye niliyemdharau kwa raha zaidi. Alikuwa amefanya kazi posta miaka thelathini na moja, akichambua barua. Alipostaafu akanunua baiskeli ya milimani, kofia ngumu ya njano na glavu. Kosa lake kwangu lilikuwa moja: alitii kila kibao. PUNGUZA, anapunguza hata kama anatambaa. KENGELE, anapiga kengele, msitu mzima hauna mtu zaidi yangu, na kima juu ya mti. Nilikuwa naweza kuwa ndani ya mtaro na sururu, nikasikia krini, krini kwenye kona, nikajua saa ngapi. Nilimwiga kwa walinzi. Walicheka sana.

Siku moja alisimama nilipokuwa nasawazisha njia, akanywa maji, akaniambia bila kuulizwa kwa nini anatii hivyo. "Fundi, mimi nimeishi kwa maandishi. Mtu akiandika kitu, nafanya kilichoandikwa. Watu wote wangefanya hivyo, hakuna barua ingepotea."

Nikasema ndiyo, mama, huku nikiendelea na jembe. Akaniambia na jingine. Mwanawe wa pekee anaishi mjini, na ameshamwandalia chumba. Chumba kina dirisha linalotazama ukuta. Mwanawe hapendi hizi baiskeli, anasema ni wazimu wa uzeeni, na wamekubaliana kwamba akianguka mara moja tu, mjadala umekwisha, anafunga nyumba yake anahamia huko. "Na mimi sijaanguka hata siku moja," akasema. "Unajua kwa nini? Nasoma."

Nilimwambia basi usianguke, mama. Akacheka, akavaa glavu zake, akaenda.

Alikuwa anakuja kila Alhamisi. Nalisema hili waziwazi ili nisije nikajificha nyuma yake: nilijua anakuja kila Alhamisi. Nilichojiambia ni kwamba njia ya Jiwe ni mpya, hawezi kuijaribu peke yake kabla ya wengine. Lakini Mkurugenzi, kwa furaha yake, alikuwa ameshaondoa kamba Jumatano jioni, akabandika tangazo getini kwamba njia iko wazi na wanachama wanakaribishwa kutoa maoni. Mtu mwingine angepita tangazo bila kuligeukia. Huyu alilisoma.

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa upande wa juu wa Jiwe, ndani ya miti, umbali wa kama dakika moja, natoa mzizi. Nilisikia kengele kwenye kona ya mwisho. Nikasimama. Nikasikia matairi yanateremka kwa utulivu, breki zikilia kidogo kidogo, mtu mwangalifu. Nilifungua mdomo. Sitasema nilipiga kelele, kwa sababu sikupiga. Nilidhani atasimama mwenyewe akiliona Jiwe. Kisha zikaja sauti mbili, ya chuma kwenye mwamba na ya maji.

Nilimkuta amekaa ufukweni, maji yakimfika kiunoni, kofia yake ya njano kichwani, amekamata bega la kushoto kwa mkono wa kulia. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika, ulionekana chini ya shati. Goti lilikuwa limechanika. Hakuwa analia. Baiskeli ilikuwa imening'inia kwenye ngazi ya saba, gurudumu la mbele limepinda.

"Fundi, nimekuharibia ngazi yako," akasema.

Nikamwambia asiseme kitu. Nikaingia majini, nikampitisha mkono kiunoni. Alikuwa mwepesi. Njia nzima mpaka getini, nikimsukuma kwenye toroli kwa sababu hakuna gari linalofika kule, alikuwa anarudia neno hilo moja. Ilisema shuka, nikashuka. Ilisema shuka, nikashuka. Hakuwa analalamika. Alikuwa anatafuta mahali alipokosea.

Jioni hiyo mke wangu alikuwa ameshapata habari. Aliniwekea chakula, akasimama mlangoni. "Ulimwambia kaka yangu?"

Nikasema sikupata nafasi.

"Ofisi yake na karakana yako zimetenganishwa na ukuta," akasema. Siku zilizofuata hakuligusa tena jambo hilo. Alinijibu nilipomuuliza, alinipa chai, alinipigia pasi shati. Ningependelea anitukane.

Ijumaa tulikwenda hospitali, mimi na Mkurugenzi. Wodi ilikuwa na vitanda sita na pazia moja lililokuwa linasukumwa kutoka kitanda hadi kitanda. Bi Kengele alikuwa wa mwisho, karibu na sinki lenye bomba linalodondosha. Mwanawe alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, shati jeupe, funguo za gari mkononi, akizizungusha kidoleni. Nilimdharau palepale. Mtu aliyekuja kumchukua mama yake kana kwamba anachukua mzigo stoo.

Mkurugenzi alikuwa hajalala. Macho yalikuwa mekundu, na alikuwa amebeba faili, sijui la nini. Aliomba radhi kwa mama, kwa mwana, kwa muuguzi aliyekuwa anapita. Akasema labda neno moja halikutosha. Labda yalitakiwa mawili. Aliyasema hayo akijifuta uso kwa kiganja, na nilimwona mjinga, maana mtu mwenye akili hajikabidhi hivyo mikononi mwa watu.

Mwana akasema kwa upole kabisa kwamba hakuna haja ya kulaumiana. Shuka ni neno la kawaida, mtu mwenye macho anaona mwamba. Tatizo si kibao. Tatizo ni umri, na yeye alishalisema. Jumapili ya wiki ijayo angekuja na gari kubwa kubeba vitu.

"Ngoja," akasema Bi Kengele. Alikuwa amelazwa chali, hawezi kugeuka, kwa hiyo alinitafuta kwa macho tu. "Kama nimeanza kukosea kusoma, nitakwenda. Sitabishana. Ila nataka kwanza nijue. Fundi ndiye aliyeliandika kwa mkono wake. Fundi, wewe ulipokuwa unaliandika, uliliona lina maana gani?"

Watu watatu wakanitazama. Bomba lilikuwa linadondosha. Nilijua kabisa kilicholala mbele yangu. Nikisema niliona maana mbili, huyu mama anarudi nyumbani kwake, na baiskeli yake inanyooshwa gurudumu. Na swali linalofuata linatoka kwa Mkurugenzi, au kwa mwana, au siku inayofuata kwa mwenyekiti: uliliona lini, na ulimwambia nani?

"Kushuka kwenye baiskeli," nikasema. "Kila mtu angeelewa hivyo, mama."

Alifumba macho. Akayafumbua. "Basi ni mimi," akasema.

Mwanawe akamshika mguu juu ya shuka, akambembeleza. Mkurugenzi akashusha pumzi, na alinitazama kwa shukrani. Nilikuwa nimekitetea kibao chake. Miezi mitatu nilikitafuta kisu cha kumchoma, nikakipata, nikakitumia kwa mtu mwingine.

Jumamosi kamati haikutembezwa popote. Walikaa ofisini, kwenye viti vilivyoazimwa, chini ya ramani ya pini. Mkurugenzi alisimama akasema anajiuzulu. Mwenyekiti akamwambia kwamba fundi mwenyewe ameshathibitisha kibao hakina kosa. Akajibu kwamba hata kama hakina kosa, mtu ameumia akiwa yeye msimamizi, na yeye hawezi kulala. Hakuna aliyewahi kuacha kazi katika kamati ile, hawakujua wafanyeje. Wakapiga makofi. Kisha wakanichagua mimi, kwa kauli moja, na wakapiga makofi tena.

Akanipa mkono. Akanipa na funguo za ghala. "Shemeji, wewe nilikuwa nakutegemea sana," akasema. "Ungeona kosa lolote ungeniambia, hilo nalijua."

Nilimtazama vizuri nione kama ananichoma. Hakuwa ananichoma. Mtu yule hana uwezo huo. Nimekaa naye kwenye ukoo mmoja miaka kumi na minne nikimhesabu mpumbavu, na alikuwa ananiamini muda wote huo. Nilirudisha zana zangu ghalani siku hiyohiyo. Pini nilizitoa ukutani moja moja.

Jumanne niling'oa kibao cha Jiweni. Jumatano na Alhamisi kulikuwa na mvua. Jumapili asubuhi nilikaa karakanani kuandika kipya. Hakikunichukua muda kupata maneno. Kuna neno ambalo kila mtu analo, mchuuzi wa mkaa analo, mtoto wa shule ambaye tairi lake limepasuka analo, na halina maana mbili. Nikaandika: HAPA USIENDESHE. KOKOTA BAISKELI. Nilikuwa nimebakiza nukta ya mwisho niliposikia gari linasimama nje.

Lilikuwa gari kubwa, godoro na kabati vimefungwa nyuma. Mwana alibaki kwenye usukani. Bi Kengele aliingia peke yake, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa, anachechemea kwa goti. Alikuja kurudisha kadi ya uanachama na ufunguo wa geti dogo. Angeweza kumwachia mlinzi. Lakini kadi ilikuwa imeandikwa nyuma kwamba irudishwe kwa msimamizi, na msimamizi nilikuwa mimi.

Nilisimama, nikampa stuli. Hakukaa. Akaniuliza baiskeli yake nimeifanyaje, nikasema iko ghalani. Akasema nimpe yeyote anayeitaka. Akanipongeza kwa cheo, akasema nilistahili siku nyingi, na aliyasema hayo kwa moyo. Kisha macho yake yakaenda mezani. Nilijua yataenda. Hakujawahi kuwekwa maandishi mbele ya mwanamke yule asiyasome.

Aliyasoma polepole. Midomo ilitikisika kidogo.

"Hili la wapi?"

"La Jiweni, mama."

Akasoma tena. Nje mwanawe alipiga honi mara moja, kwa adabu. Bi Kengele hakugeuka. Nilimwona anafika pale ambapo nilimzuia asifike alipokuwa kitandani, na alifika kwa njia yake ya posta, bila haraka, akihakikisha anwani. Lile la kwanza lingekuwa sawa, hili la pili lisingeandikwa. Na mtu aliyeandika hili analijua neno kokota leo, alilijua na wiki iliyopita.

"Uliliona," akasema.

Haikuwa swali. Maneno nilikuwa nayo mengi, maana nina ya kumsema kila mtu. Nikasema, "Angalia mkono, mama. Rangi bado mbichi."

Alinitazama. Mimi najua kudharau, ndiyo kazi niliyoifanya kwa bidii kuliko kuchonga njia, na nilikuwa najiandaa kuipokea yangu. Hakunipa. Aliuweka ufunguo juu ya meza, mbali na rangi, na kadi juu ya ufunguo.

"Pole, fundi," akasema.

Alinipa pole mimi, yeye akiwa na mfupa uliovunjika na nyumba iliyofungwa. Kisha akageuka, akachechemea mpaka nje. Nikasikia mwanawe anashuka kumfungulia mlango, anamuuliza mbona amechelewa, na yeye anajibu kwamba alikuwa anasoma. Mlango ukafungwa. Gari halikuwaka mara moja. Nadhani alikuwa anamfunga mkanda, akiangalia asiuguse mkono.

Kutoka mezani kwangu mpaka lilipokuwa limesimama gari ni hatua kumi na mbili. Nilizihesabu nikiwa nimekaa kwenye stuli, brashi mkononi, mpaka liliponguruma likaondoka. Kisha nikaweka nukta.